Barua ya Onyo kwa Mjomba

Katika kiwanda kile cha kupiga chapa vitabu, kila mtu alijua kwamba Msimamizi na mkata karatasi ni damu moja. Hawakuficha, na hata wangetaka kuficha wasingeweza, maana paji la uso lilikuwa lile lile, na hata mwendo ulikuwa mmoja, bega la kushoto limetangulia kidogo kama la mtu anayesukuma mlango mzito. Mkata karatasi alikuwa kaka wa mama yake Msimamizi. Waliitana "mjomba" wote wawili, mkubwa kwa mdogo na mdogo kwa mkubwa, na wafanyakazi wageni walichukua muda kung'amua nani hasa ni mjomba wa mwenzake.

Kiwandani mzee yule aliitwa Wembe. Jina lilitokana na mashine yake ya kukatia, yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu, na pia na kazi yake yenyewe: kwa miaka thelathini na moja hakuna kitabu kilichotoka mikononi mwake kikiwa na ukingo uliopinda. Alikuwa akilishika bunda la karatasi, analigongagonga mezani, analitazama kwa jicho moja, kisha anasema, "Hili lina unyevu, litanisumbua." Na kweli likamsumbua. Msimamizi alifiwa na baba akiwa na miaka sita, na tangu hapo aliyemlea ni Wembe. Ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyemtia kiwandani, na siku mpwa wake alipopandishwa cheo akapewa ofisi yenye mlango wa kioo, Wembe alikuja kusimama nje ya kile kioo na kukigonga kwa ukucha. "Mjomba," alimwambia, "sasa wakuone vizuri unavyosinzia."

Wembe alikuwa mvutaji. Hakuwa wale wa kuwashia sigara kwa sigara. Zake zilikuwa tano kwa siku, na tatu kati ya hizo alizivutia kazini. Kwenye ukumbi wa mashine hakuna aliyewahi kuwasha kiberiti. Penye karatasi, wino na mafuta ya kuoshea mitambo, hata mwendawazimu anajua mipaka. Wavutaji, watu saba, walikuwa wakienda chumba cha chai. Huko dirisha lilikuwa moja, na bawaba zake zilishika kutu kitambo, kwa hiyo lilifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu. Siku za baridi moshi ulining'inia pale juu ya birika mpaka jioni.

Ukuta wa pili wa chumba cha chai ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo ndiko alikokaa msomaji prufu, msahihishaji wa makosa kabla kitabu hakijachapwa.

Huyu alikuwa mama wa watoto pacha, na jina lake lilikuwa hilo hilo, Mama Pacha. Wembe peke yake ndiye aliyemwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumsahihisha mtu hata katika mazungumzo. Walipendana kiutani, kama watu waliozeekea mahali pamoja. Mama Pacha alikuwa na pumu. Kwa miaka alikohoa kwa adabu, mkono mdomoni, akiziba mwanya wa chini ya mlango kwa kitambaa, bila kumlaumu mtu.

Jumanne moja asubuhi alisikika akiangusha kiti. Aliyewahi kufika alikuwa Wembe, sigara bado i kinywani, na alipomwona Mama Pacha amekaa sakafuni, midomo imegeuka rangi, akivuta hewa isiyokuja, aliitema sigara ile, akaikanyaga, akamnyanyua. Yeye na dereva walimbeba hadi kwenye gari. Hospitalini alilazwa siku nne. Daktari alisema wazi kwamba kifua kile kikikaa tena ndani ya moshi, safari nyingine huenda asirudi.

Wembe aliposikia hayo alirudi kwenye mashine yake, akakata karatasi mpaka jioni. Kesho yake, kabla hata uongozi haujasema neno, aliingia chumba cha chai akawaambia wenzake, "Jamani, humu basi. Tumekaribia kumwua mtu." Na hakuna aliyewasha.

Mkurugenzi alimwita Msimamizi siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mazoea ya kusawazisha karatasi mezani huku akiongea.

"Andika utaratibu," alisema. "Ndani ya jengo moshi marufuku, kuanzia wiki ijayo. Lakini hao wavutaji ni watu wazima na wengine wamekula chumvi nyingi hapa. Watafutie mahali. Nje, mbali na madirisha, pasiwe mbali sana. Uniletee pendekezo."

Mtu angedhani hiyo ni kazi rahisi. Na ilikuwa rahisi.

Jumapili Wembe alifika nyumbani kwa mpwa wake, kama ilivyokuwa desturi yake tangu alipofiwa na mkewe. Alimsalimu dada yake, aliyekuwa akiishi na Msimamizi, akauliza habari ya miguu yake, akaambiwa ya miguu na ya mgongo pia. Kisha akatoa mfukoni kipande cha kadibodi kilichokatwa vizuri kwa mashine, akakiweka juu ya meza. Alikuwa amechora kiwanda kwa penseli: ukumbi, ghala, geti, na nyuma ya ghala upenu mmoja wa zamani, pale malori yalipokuwa yakipakua karatasi kabla geti jipya halijajengwa.

"Hapa," alisema akigonga kwa kidole. "Paa lipo. Dirisha hata moja haliangalii huku. Upepo unapiga kuelekea barabarani. Nimekwenda kuwasha njiti ya kiberiti mara tatu kuhakikisha. Kutoka kwenye mashine yangu ni hatua thelathini. Mtuwekee benchi na ndoo ya mchanga, basi. Mwalimu hatausikia moshi huo hata akipanda juu ya bati."

Msimamizi aliutazama mchoro. Ulikuwa mzuri, umepimwa kwa rula.

"Nitaona, mjomba."

"Utaona nini? Si umeshaona?"

"Nitaupeleka kwa wakubwa."

Mama yake alicheka kutoka kwenye kochi. "Wakubwa gani tena, na wewe ndiye mkubwa?"

Na kweli alikusudia kuupeleka. Jambo lililomgeuza lilikuwa dogo hata aibu kulisimulia. Jumatatu, akipita kwenye korido ya kujalidi vitabu, aliwasikia vijana wawili wa gundi wakichekeana, wasijue kama yupo. "Subiri uone," alisema mmoja, "mjomba mtu atajengewa kibanda chenye kiti cha kuzunguka." "Na feni," akajibu mwenzake. Basi, ni hilo tu. Walikuwa wakitaniana kama watu wanavyotaniana mikono ikiwa na kazi. Lakini maneno yale yalimchoma Msimamizi kama mwiba wa samaki kooni. Tangu apewe cheo, hofu yake moja ilikuwa hiyo, watu waseme kwamba kiwanda ni cha ukoo. Alirudi ofisini, akafunga mlango wa kioo, akaandika utaratibu wake kwa ukurasa mmoja. Kuvuta sigara ni marufuku ndani ya jengo na ndani ya ua wote. Wavutaji watatoka nje ya geti na kuvuka barabara. Ruhusa ni mara mbili kwa siku, dakika kumi kila mara, na mlinzi ataandika saa ya kutoka na ya kurudi.

Mkurugenzi alisoma, akauliza, "Na mahali pao?"

"Ng'ambo ya barabara panatosha, mkuu. Wenyewe wanaelewa."

Mkurugenzi alimtazama kidogo, akasawazisha karatasi, akatia sahihi.

Kadibodi ilibaki kwenye droo. Wembe hakuiulizia. Siku tangazo lilipobandikwa alilisoma mpaka mwisho, akiwa amerudi hatua moja nyuma kwa kuwa hakuwa na miwani, kisha akasema, "Haya," akarudi kwenye kisu chake.

Sasa goti la Wembe lilikuwa bovu. Kusimama miaka thelathini kwenye sakafu ya saruji si mchezo, na lile la kulia lilikuwa limekwisha. Kutoka kwenye mashine yake hadi getini, kuzunguka ghala na gereji, kisha kuvuka barabara yenye malori, mtu mwenye miguu mizima alitumia dakika mbili na nusu. Yeye alitumia nne. Nne za kwenda na nne za kurudi. Zilizobaki mbili ndizo za kuvuta, akiwa amesimama kando ya mtaro, maana hapakuwa na pa kukaa wala kivuli. Wenzake sita walijitahidi kutembea kwa mwendo wake, wakaona wanachelewa, wakaanza kutangulia. Mwisho akawa anakwenda peke yake.

Mvua zilipoanza, Mama Pacha, aliyekuwa amerudi kazini na kifua kimetulia, alikuwa akimwona kwa dirishani. Dirisha lake liliangalia geti. Alimwona Wembe akivuka barabara na kipande cha nailoni kichwani, ile ya kufungia marimu ya karatasi, akisimama kando ya mtaro amejikunja juu ya kiberiti. Alimfuata Msimamizi ofisini.

"Bosi, nina neno."

"Karibu, Mama Pacha. Kifua vipi?"

"Kifua hakijambo, na nashukuru. Ndiyo nimekuja. Mimi nilitaka moshi utoke. Sikutaka watu watupwe nje. Yule mzee anarowana kwa ajili yangu, na hata haniambii."

"Si kwa ajili yako. Ni utaratibu, na ni wa wote."

"Najua ni wa wote. Lakini si wote wenye goti lile. Nyuma ya ghala kuna upenu."

"Nikianza kupinda kwa mmoja, nitapinda kwa wangapi?"

Mama Pacha alimtazama kama anavyotazama neno lililoandikwa vibaya, la kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Safari hii hakusahihisha. Alitoka.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu mwaminifu mpaka kupitiliza. Katika wiki mbili aliandika kwamba Wembe amechelewa kurudi mara tatu: dakika nne, dakika saba, dakika tano. Daftari likaletwa kwa Msimamizi. Kwa kanuni za kiwanda, kuchelewa mara tatu ni barua ya onyo. Angeweza kulifunga lile daftari. Angeweza kumwita mjomba wake pembeni, au kumpitia nyumbani jioni, wakae, waongee. Lakini alijua kwamba mlinzi anajua, na vijana wa gundi wanajua, na kila mtu anangoja kuona atafanya nini. Akapiga moyo konde. Akachukua fomu ya onyo, akaandika majina matatu ya mjomba wake, majina ambayo hakuwa amewahi kuyaandika yote kwa pamoja hata siku moja.

Wembe aliitwa saa tano. Aliingia akiwa amenawa mikono hadi viwikoni, kama anavyofanya kabla ya kugusa karatasi nyeupe.

"Kaa, mjomba."

"Nitasimama tu, nikikaa kuinuka ni shughuli. Nimesikia unaniita."

Msimamizi alisukuma barua mezani. Wembe aliishika, akainyoosha mbali na macho, akaisoma polepole. Nje ya kioo watu walipita, wakijitia hamnazo.

"Hapa mmeandika 'kwa makusudi'," alisema Wembe hatimaye.

"Ni maneno ya fomu, mjomba. Yapo kwenye kila barua."

"Maneno ya fomu."

"Hayana maana yoyote."

"Sasa kama hayana maana, mbona yameandikwa?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kisha akasema, "Goti langu wewe unalijua."

"Nalijua."

"Haya. Nipe kalamu."

Alitia sahihi mahali palipowekewa alama, kwa herufi zile kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Akaikunja nakala yake mara mbili, pembe kwa pembe, akaitia mfukoni.

"Asante, Msimamizi," alisema, akatoka.

Msimamizi alibaki amekaa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mjomba wake kumwita hivyo, na alijiambia kwamba ni utani, kwamba Jumapili atacheka naye. Jumapili ilipofika Wembe hakutokea. Alimpigia dada yake simu kusema ana mafua.

Tangu siku ile Wembe hakutoka tena getini. Mlinzi hakumwandika hata mara moja. Aliingia asubuhi, akakata karatasi zake, akala kwenye kiti chake kando ya mashine, akaondoka jioni. Msimamizi aliona, akafurahi kwa siri, akidhani barua imefanya kazi. Hakuona kwamba mzee amekonda, wala kwamba haongei na mtu. Baada ya wiki tatu ilikuja barua nyingine mezani, hii imeandikwa na Wembe mwenyewe, mistari mitano. Alikuwa anaomba kustaafu mapema. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na nusu.

"Kuna jambo?" Mkurugenzi alimwuliza Msimamizi.

"Goti, mkuu. Limemchosha."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimtoka kirahisi.

Siku ya kuagana ilipikwa chai, kukawa na maandazi na hotuba fupi. Wembe alimpa kila mtu mkono. Kwa Mama Pacha alisema, "Mwalimu, vuta hewa sasa, ni yako," na Mama Pacha akageuka upande akijifuta macho. Kwa Msimamizi alitoa mkono ule ule, ukashika kwa nguvu ile ile kama kwa wengine wote. Hapo ndipo Msimamizi alipoanza kuumia. Angepewa mkono baridi angejua pa kuanzia.

Jioni ile mama yake alimngoja kwenye kochi, taa imewashwa, televisheni imezimwa.

"Eti ulimwandikia kaka yangu barua?"

"Nani kakwambia?"

"Yeye hakuniambia. Nimekwenda kumpokea na vitu vyake, nikaiona kwenye mfuko wa koti nikilitundika. Nimesoma. Eti 'kwa makusudi'."

"Mama, kazi ni kazi."

"Sawa." Alivuta khanga begani. "Ulipougua tetekuwanga shuleni na maji yamejaa njia nzima, nani alikuja kukubeba mgongoni? Na ile nayo ilikuwa kazi? Nani alimwajiri?"

Msimamizi aliinuka. Alikwenda chumbani kwake akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni.

Mahali pa Wembe aliwekwa kijana kutoka kiwanda kingine. Alikuwa hodari, hakuna wa kumlaumu, lakini mwezi wa kwanza vitabu mia nne vilitoka vimepinda ukingo kwa upana wa unyayo wa sisimizi, na Mama Pacha akavirudisha vyote. Ndipo alipokwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Hakwenda kwa ajili ya vitabu. Alimweleza habari ya mtaro, ya mvua na ya upenu wa nyuma ya ghala.

"Kwani palikuwepo mahali?" Mkurugenzi aliuliza.

"Palikuwepo siku zote, mkuu. Kaka Wembe alipachora."

Msimamizi aliitwa. Mkurugenzi hakumgombeza. Alisema tu, "Nilikuomba pendekezo," kisha akaendelea na karatasi zake. Msimamizi alitoka, akaitoa ile kadibodi kwenye droo, na upenu ukafanyiwa kazi. Ilichukua siku mbili. Mafundi wawili walizoa takataka, wakapaka chokaa, wakagonga benchi la mbao lenye egemeo, wakaweka ndoo mbili za mchanga na kibao cha kuonya kwamba kutoka hapo kwenda mbele hakuvutwi. Mama Pacha alijaribiwa: aliketi kwenye meza yake wavutaji sita wakiwasha kwa pamoja kule nyuma, akavuta pumzi mara tatu, akasema, "Sisikii kitu. Endeleeni, wenzangu."

Siku mbili! Msimamizi alisimama pale kwenye pembe ya ghala akihesabu mbao. Na hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Yule kijana wa gundi, yule yule wa kiti cha kuzunguka, alipokaa kwenye benchi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa pangefaa tangu mwanzo. Mzee wa watu angepumzisha goti lake." Kumbe hawakuwa na neno. Kumbe aliowaogopa walikuwa wakipiga soga tu.

Jumamosi hiyo aliona hana haja ya kungoja zaidi. Alinunua matunda, akaenda nyumbani kwa Wembe. Alikuwa na habari njema, na njiani aliipanga jinsi ya kuitoa. Mkurugenzi alikuwa amekubali kumrudisha mzee kwa mkataba, kwa muda atakaotaka, awafundishe vijana.

Wembe alimkaribisha, akamkata papai kwa kisu kidogo, vipande sawasawa kama kawaida yake. Waliongea habari za mvua. Kisha Msimamizi akasema.

"Mjomba, tumepata mahali. Nyuma ya ghala, pale pale ulipochora. Benchi lipo, paa limezibwa. Rudi. Mkurugenzi mwenyewe amesema. Utavuta ukiwa umekaa, hatua thelathini tu."

Wembe alifuta kisu kwa kitambaa.

"Mmefanya vizuri. Wenzangu watapumzika. Mimi nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Sigara. Tangu siku ile ya barua."

Msimamizi alimtazama asielewe. Alikagua chumba kwa macho: hapakuwa na kibakuli cha majivu, na pazia halikunuka.

"Miaka arobaini," alisema. "Umewezaje?"

"Kwa shida. Wiki ya kwanza nilitaka kula meza." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Wewe hujui. Tangu mke wangu aondoke, sigara nilikuwa sizifuati sana. Nilikuwa nafuata wale watu. Saa nne unakaa na wenzako, huyu anakupa habari ya mtoto wake, yule anakuchekesha, siku inasogea. Mlipotupeleka barabarani wao walinizidi mbio, sikuwalaumu. Nikawa navuta na malori. Sasa hiyo ya nini?"

"Ungeniambia, mjomba."

"Nilikuambia. Nilikuja na mchoro."

Mtoto wa jirani alipiga mpira ukutani nje, mara moja, mara ya pili.

"Na jambo moja nitakwambia, kisha tusilirudie," alisema Wembe. "Siku ile Mwalimu alipoanguka, mimi nilikuwa tayari kuacha. Kabisa. Nilimbeba nikiwa nanuka ule moshi uliomwangusha. Ungekuja hapa ukaniambia, 'Mjomba, acha, niondolee mzigo,' ningejitahidi siku hiyo hiyo, ukapata la kuwaambia watu. Hukuniomba. Uliniandikia."

Msimamizi alifungua mdomo kuomba radhi. Aliomba. Alisema maneno yote yanayostahili, na alimaanisha kila moja. Wembe alimsikiliza hadi mwisho, akampigapiga goti.

"Yamekwisha," alisema. "Mimi sina kinyongo. Lakini kurudi, hapana. Kula papai, litachacha."

Na hakusema uongo. Kinyongo hakuwa nacho. Msimamizi alikuwa akienda kumwona kila mwezi, na kila alipokwenda alipokewa vizuri, wakaongea mvua, afya na bei ya vitu. Kuhusu kiwanda Wembe aliuliza habari za Mama Pacha, na akafurahi kusikia kwamba mwaka mzima hajalazwa. Walikuwa na amani. Ila ule mlango wa ndani, ambao mpwa huyu alizoea kuingia bila hodi tangu utotoni, hakuukuta tena wazi, na hakujua agonge wapi.

Mwaka uliofuata alikwenda kama kawaida Jumamosi, matunda mkononi, akabisha. Mlango ulifunguliwa na mwanamke asiyemjua, mtoto kiunoni.

"Mzee? Amehama. Wiki ya pili hii. Kwa binti yake."

Alisimama barabarani akapiga simu.

"Aa," sauti ya Wembe ilikuwa changamfu, nyuma yake kukisikika nyundo. "Nilidhani mama yako amekwambia. Nilitaka kukuambia, nikasema una kazi nyingi. Njoo, njoo, si mbali."

Aliwakuta Wembe na mkwewe wakipigilia rafu ukutani. Vitu vilikuwa bado kwenye makasha. Miaka yote, mzee alipohama, aliyebeba kitanda alikuwa Msimamizi. Aliweka matunda chini akavua koti, akashika upande wa ubao uliokuwa ukiyumba.

"Hapana, hapana," Wembe alisema, akamtoa mkono kwa upole. "Usijichafue. Mwenzangu ananitosha." Akamwita binti yake alete kile kiti kizuri, akakipangusa mwenyewe kwa kiganja, akakisogeza karibu na dirisha penye hewa. "Kaa hapa. Utaletewa chai."

Msimamizi alikaa. Chai ililetwa kwenye trei, kikombe na kisahani, na sukari kwenye bakuli lake. Alikunywa taratibu akiwatazama wale wawili wakipima na kupigilia, mkwe akishika na mzee akitazama kwa jicho moja kama ubao umenyooka. Walikuwa wakicheka jambo ambalo yeye hakulijua. Ilipofika saa ambayo mgeni huaga, aliinuka, akashukuru kwa chai, na Wembe akaacha nyundo akamsindikiza hadi mlangoni.